Yamaha FG800 kutoka duka la mtandaoni: tathmini ya gitaa lililonunuliwa kabla ya kupigwa

Gitaa ninaloliandikia tathmini hii ni Yamaha FG800, gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la nyuzi sita za chuma, nililolinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayefanya biashara yake yote kupitia Instagram na WhatsApp, asiye na chumba ambamo mteja anaweza kuketi na kulijaribu. Natathmini vitu viwili kwa pamoja, yaani gitaa lenyewe na njia ya kulipata, kwa sababu mnunuzi hawezi kuvitenganisha: gitaa zuri lililopita mikononi mwa muuzaji mzembe litamfikia likiwa gumu kupigwa, na muuzaji hata awe mwaminifu kiasi gani hawezi kuigeuza plaiwudi ikawa ubao mzima. Hukumu yangu naitoa mapema. Gitaa la kiwandani la aina hii linaweza kununuliwa bila kupigwa, ilimradi mnunuzi aelewe kwamba kinachouzwa mtandaoni ni mbao na vipimo, ilhali wepesi wa kupigwa hukamilishwa baada ya gitaa kufika, kwa fedha nyingine na kwa mikono ya fundi.

Maduka ya vyombo vya muziki yapo Kariakoo na kwingineko jijini, lakini mengi niliyopitia huweka magitaa ya bei ya chini, na anayetaka toleo fulani kwa jina lake huambiwa aagize na kusubiri. Kwa mtu aliyeko Songea, Kigoma au Bukoba hata duka hilo la kuagizia liko mbali. Tangu duka kubwa la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa mwaka 2019, biashara ya mtandaoni imebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wauzaji wadogo wa mitandao ya kijamii, ambao hupokea malipo kwa simu na kuutuma mzigo kwa bodaboda mjini au kwa basi mikoani. Kwa hiyo swali la kununua gitaa bila kulishika, kwa wapigaji wengi nchini, ni swali la namna ya kulinunua, maana njia nyingine hawana.

Niliichagua FG800 kwa sababu ni toleo lisilobadilika sana kutoka gitaa moja hadi jingine. Yamaha ilianza mfululizo wa FG mwaka 1966, na FG800 ilitoka mwaka 2016, mfululizo ulipotimiza miaka 50. Uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ni ubao mzima wa spruce ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari unaoota katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, na kwa ndani uso huo umeshikiliwa na mbavu nyembamba zilizochongwa na kupunguzwa ili uweze kutikisika vizuri. Marekani huuzwa kwa dola 200 na ushei, na kupata uso wa ubao mzima kwa bei ya namna hiyo ni jambo la kuthaminiwa, kwa kuwa ndugu yake wa bei ya chini, Yamaha F310, ana uso wa plaiwudi. Plaiwudi huvumilia joto na unyevu kuliko ubao mzima, lakini sauti yake hubaki palepale miaka nenda rudi, wakati ubao mzima hulegea na kufunguka sauti kadiri unavyopigwa.

Usawa huo wa kiwandani ndio unaolifanya gitaa la namna hii lifae kununuliwa kwa mbali. Shingo inayokatwa kwa mashine ya kompyuta haitofautiani sana kati ya gitaa na gitaa, hivyo mtu aliyewahi kuishika FG800 ya mwenzake anaijua kwa kiasi kikubwa ile atakayotumiwa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kununua ni kuuliza kwenye kwaya, kwenye bendi za mtaani na kwa walimu wa muziki ni nani mwenye toleo analolitaka, aombe kulishika hata kwa nusu saa, kisha ndipo aagize la kwake. Mbinu hii haifai kwa gitaa lililochongwa na fundi mmoja kwa mkono, wala kwa gitaa lililokwisha kutumika, kwa sababu hayo kila moja lina tabia yake.

Vipimo ni sehemu ya tangazo ambayo wanunuzi wengi huiruka, na ndiyo sehemu yenye ukweli mwingi zaidi. FG800 ina urefu wa uzi wa milimita 650 kutoka kidaraja cha juu, kule nyuzi zinakoacha kichwa, hadi daraja la tumboni, na upana wa shingo pale kwenye kidaraja cha juu ni milimita 43. Toleo dogo la familia hiyohiyo, FS800, lina urefu wa milimita 634 na tumbo jembamba zaidi, na humfaa mtu mwenye mwili mdogo au mikono mifupi. Yamaha C40, ambayo ni ya nyuzi za nailoni, ina shingo ya milimita 52, tofauti ambayo kwenye picha haionekani kabisa lakini mkononi huhisiwa tangu kodi ya kwanza, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mimi hupiga kwa gumba na kidole cha shahada, mtindo wa gitaa kavu uliotoka Katanga kwa wapigaji kama Jean-Bosco Mwenda na kusikika sana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Katika mtindo huo gumba hutembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika huku kidole cha shahada kikiimba juu yake, na mkono wa kushoto mara nyingi hupitisha gumba juu ya shingo ili likamate uzi wa besi. Shingo ya milimita 43 huruhusu jambo hilo, ile ya milimita 52 hulizuia, na kwa hiyo kipimo kimoja tu kilichoandikwa kwenye tangazo kilinitosha kuondoa nusu ya magitaa yaliyokuwa yakiuzwa.

Yapo mambo ambayo vipimo vya kiwandani havisemi. Havisemi nyuzi zimekaa umbali gani juu ya shingo ya gitaa lile hasa linalotumwa, shingo yenyewe imepinda kiasi gani, wala kama freti, vile vyuma vinavyokata shingo kwa mapana, zote zimelala sawa au ipo moja iliyoinuka. Kwa mambo hayo mnunuzi hana budi kumwomba muuzaji picha na video, na aina ya video anayoiomba ndiyo itakayomsaidia au kumpotezea muda. Video ya mtu anayepiga wimbo mzuri haina faida yoyote, kwa kuwa maikrofoni ya simu hukata sauti za chini na WhatsApp hubana zile zilizobaki, na mpigaji hodari hulipendezesha hata gitaa bovu. Video inayofaa ni ya kuchosha kuitazama: muuzaji anapiga uzi mmoja mmoja, freti moja moja, kutoka ya kwanza hadi ya 14, polepole na bila muziki mwingine nyuma. Utamu wa sauti hautajulikana humo, lakini freti iliyoinuka itajulikana, kwa sababu uzi utakwaruza mahali pamoja kila unapopita. Niliomba pia picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani kuelekea tumboni, picha ya daraja kutoka ubavuni ili nione kama limeanza kubanduka, picha ya karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu la sauti yenye jina la toleo, na picha ya rula iliyosimamishwa kwenye freti ya 12 ili nione kimo cha nyuzi.

Muuzaji wangu alituma vyote isipokuwa hiyo picha ya rula, badala yake akaandika kwamba gitaa limeshasetiwa, yaani shingo na kimo cha nyuzi vimesharekebishwa, na liko tayari kupigwa. Kwa upande wa uaminifu wa bidhaa nampa sifa zote anazostahili, maana alichokitangaza kuwa FG800 yenye uso wa ubao mzima kilikuwa hivyo hasa. Njia rahisi ya kuthibitisha ubao mzima ni kutazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao inayoonekana usoni huendelea kushuka kwenye unene wa ubao, wakati kwenye plaiwudi utaona tabaka zilizolaliana. Alikubali pia malipo yafanyike baada ya gitaa kukaguliwa, na huduma hiyo kwangu ina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kwa upande wa ufungaji na hilo dai la kusetiwa, alinisikitisha. Gitaa lilikuja ndani ya mfuko wake laini, bila boksi, likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, na nyuzi zikiwa zimekazwa kamili. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta shingo na daraja kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na gitaa lililo katika hali hiyo likianguka kwa nyuma, mahali pa kwanza kuvunjika ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Muuzaji anayejali hulegeza nyuzi kidogo, huweka kitambaa au gazeti lililokunjwa chini ya kichwa na chini ya shingo ili visining'inie, kisha huliingiza gitaa ndani ya boksi gumu. Kwa mzigo wa Dar es Salaam pekee mtu anaweza kuponea bahati. Kwa mzigo unaokwenda Mbeya au Mwanza ndani ya buti la basi, chini ya magunia na madumu, boksi gumu liwe sharti la kununua, na mnunuzi alilipie mwenyewe ikibidi.

Ukaguzi wa mlangoni unahitaji makubaliano kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa dereva wa bodaboda ana safari nyingine na atakuharakisha. Nilimwandikia muuzaji mapema kwamba nitahitaji karibu nusu saa na kwamba nitamlipa dereva muda wake, na ujumbe huo ndio ulioniwezesha kukaa na gitaa kwa utulivu. Kwanza nilitafuta nyufa kwenye kichwa, ubavuni na kando ya daraja, nikiliinamisha gitaa ili mwanga ulipige kwa mshazari. Kisha nilikaza nyuzi hadi noti zake sahihi kwa programu ya simu inayosoma noti, nikabonyeza uzi wa sita, ulio mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, nikatazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Nafasi hiyo inapaswa kuwepo lakini iwe ndogo mno, karibu unene wa karatasi chache, maana shingo iliyonyooka kabisa hukwaruza na iliyopinda sana huwa ngumu. Baadaye nililinganisha noti ya kugusa kwenye freti ya 12, ile inayolia kama kengele bila uzi kubonyezwa, na noti ya freti hiyohiyo ikiwa imebonyezwa. Zikitofautiana sana, gitaa halitakuwa na sauti ya kweli juu ya shingo, hata likikazwa namna gani. FG800 hii ilivuka majaribio yote hayo bila shida, na freti zake zilikuwa safi kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo linalothibitisha niliyosema juu ya usawa wa kiwandani.

Nyuzi ndizo zilizokuwa zimekaa juu kuliko mkono unavyotaka, na jambo hili nalieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hukata tamaa. Magitaa makavu hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mara nyingi huzidi asilimia 70, na wakati wa masika huzidi hapo. Ubao mzima unapokunywa unyevu huo hutanuka, uso huvimba nyuma ya daraja, daraja huinuka, na nyuzi huinuka pamoja nalo. Gitaa lililokaa miezi kadhaa katika stoo isiyo na feni hufika likiwa hivyo, na hakuna kiwanda cha kulaumiwa hapo. Upande wa pili, gitaa lililonunuliwa pwani na kupelekwa Dodoma wakati wa kiangazi hufanya kinyume chake: shingo hukauka na kunywea kwa mapana, ncha za freti zikajitokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Mnunuzi wa mtandaoni atazame basi gitaa linatoka hewa gani na linaingia hewa gani, aliache likae siku chache ndani ya mfuko wake kabla ya kumwita fundi, na asikubali lisetiwe mjini linakotoka ikiwa litakwenda kuishi kwenye hewa nyingine.

Kazi ya fundi yenyewe ni ndogo na ina hesabu inayoeleweka. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, wapigaji wengi hustarehe uzi wa sita ukiwa milimita 2.5 hivi juu ya freti ya 12, na uzi wa kwanza ukiwa milimita 2 au pungufu kidogo. Fundi hukagua kwanza fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, ambayo huzungushwa kwa ufunguo ili kunyoosha upindo, na fimbo hiyo haifanyi kazi ya kushusha nyuzi kama wengi wanavyodhani. Nyuzi hushushwa kwa kusaga kwa chini kile kipande cheupe kinachosimama juu ya daraja, na kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, kila milimita moja inayotakiwa kushuka pale hudai milimita mbili zisagwe darajani. Mwishoni hutazama mifereji ya kidaraja cha juu, kwa kuwa ikiwa na kina kidogo, kodi ya F itaumiza vidole hata nyuzi zikiwa chini kwingine kote. Anayenunua mtandaoni aiweke gharama hii, pamoja na ya seti mpya ya nyuzi, ndani ya bei ya gitaa tangu siku anapoanza kulinganisha matangazo. Nyuzi zilizokuja na gitaa langu zilikuwa zimeshaanza kutu, na hilo katika hewa yetu ni la kutarajiwa.

Baada ya fundi, FG800 ni gitaa la kufurahisha sana. Besi zake ni nzito bila kuziba, na gumba linapotembea kwenye uzi wa tano na wa nne kila noti husikika ikiwa imejitenga na mwenzake. Nyuzi nyembamba zilikuwa na ukali kidogo mwanzoni, kama ilivyo kwa spruce changa, na ukali huo umekuwa ukipungua kadiri linavyopigwa. Tumbo lake ni kubwa, na kwa anayepiga ameketi kwa muda mrefu bega la kulia litachoka, hivyo ninaamini kwamba mpigaji wa vidole mwenye umbo dogo angefaidi zaidi FS800. Kwa anayesindikiza kwaya au kuchapa nyuzi zote kwa pamoja, nguvu ya FG800 ni faida tupu, kwa sababu husikika katika ukumbi mdogo bila spika.

Kuna suala la haki ya mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, anayenunua kwa mbali ana siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, na haki hiyo hulifanya gitaa lijaribiwe nyumbani kama vile lingejaribiwa dukani. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, lakini kurudisha gitaa kwa sababu tu halikukupendeza sikioni kunategemea hiari ya muuzaji. Kwa hiyo maelezo yawe kwa maandishi: jina kamili la toleo, uso wa ubao mzima, halijatumika, na masharti ya kulirudisha. Mazungumzo ya simu hayaachi ushahidi.

Anayefikiria kuagiza kutoka nje aongeze kwenye hesabu nauli ya boksi kubwa, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania bara. Aulize pia ubao wa shingo ni wa mti gani. Miti ya rosewood, ambayo ni jamii moja na mpingo wetu, iliwekewa masharti ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia tarehe 2 Januari 2017, yakavuruga sana usafirishaji wa magitaa, hadi ala za muziki zilizokamilika ziliposamehewa kuanzia tarehe 26 Novemba 2019. Msamaha huo haugusi rosewood ya Brazili, inayopatikana zaidi kwenye magitaa ya zamani ya bei kubwa, na gitaa la namna hiyo bado linahitaji kibali.

Ninayemhofia zaidi katika biashara hii ni mwanafunzi anayeanza. Mpigaji mzoefu akipokea gitaa lenye nyuzi za juu hutambua mara moja kwamba linahitaji fundi. Anayeanza hudhani vidole vyake ndivyo vibovu, huvumilia maumivu kwa wiki kadhaa, kisha hulitundika gitaa ukutani. Mzazi anayemnunulia mtoto gitaa mtandaoni amtafute mwalimu au mpigaji wa kwaya awepo siku ya kulifungua, hata ikibidi kumlipa, na kama hilo haliwezekani, ni afadhali achukue gitaa la bei ya chini zaidi dukani, lililopigwa na mtu mbele ya macho yake.

Kwa upande wangu FG800 ningeinunua tena kwa njia hiihii, na kwa muuzaji huyuhuyu akikubali kuweka boksi na kutuma picha ya rula. Gitaa la umeme la kiwandani ningeliagiza kwa wepesi zaidi, kwa kuwa kimo cha nyuzi zake hurekebishwa kwa skrubu darajani bila kusaga chochote. Gitaa la nailoni la bei kubwa, ambalo thamani yake yote iko katika sauti ya ubao wake, ningelifuata mwenyewe kwa basi hadi lilipo na kulipiga kabla ya kutoa shilingi.